Mhandisi wa Shangazi

Nilipopata ziro kidato cha nne, watu wa kijijini kwetu Lusu walikuja kutupa pole kama tumefiwa. Baba alizipokea pole hizo siku tatu. Ya nne akaniambia nifunge begi: nimepata nafasi chuo cha ufundi Tabora mjini, nitasomea ufundi bomba.

Nilifikia Itetemia kwa shangazi, dada yake baba. Alinipenda, hilo sina ubishi nalo, ila aliwaogopa majirani kuliko Mungu. Ovaroli yangu ya bluu haikuruhusiwa kuonekana mtaani. Niliibeba kwenye mfuko mweusi kama mwizi wa kuku, nikaivalia chuoni. Akiulizwa nasomea nini, alijibu, mambo ya maji. Baada ya miezi miwili mambo ya maji yakageuka uhandisi wa maji. Kwa mwendo ule, kufikia mwisho wa mwaka ningekuwa waziri.

Wanafunzi wa sekondari walituita vilaza. Kwenye karatasi nilikuwa kilaza kweli, sikatai. Ila bomba lina uungwana wake: ukikosea linakutemea usoni palepale, halikusubirishi matokeo.

Jumamosi moja wakaja washenga watano kutoka Nzega kumposa binti wa shangazi. Shangazi akanivalisha gauni lake la kitenge na kunitambulisha kuwa ni binti wa kaka yake, mhandisi mtarajiwa. Wageni wakaitikia kwa heshima. Msemaji wao, mzee mnene aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe, akaomba kwenda kunawa.

Tulisikia kishindo, kisha maji. Mzee akatokea ukumbini amelowa chapachapa, koki ya bafuni ikiwa mkononi mwake. Maji yalimfuata nyuma, yakielekea kwenye zulia ambalo shangazi aliliazima kwa jirani.

Shangazi akasema atampigia fundi. Washenga wakasimama kuyatazama maji kama watu walioachwa na treni. Nikatoka nje nikafunga maji kwenye mita, nikachukua begi la spana chini ya kitanda, nikafunga gauni magotini nikaingia bafuni. Koki ilikatikia ndani ya ukuta. Nilikitoa kile kipande kilichobaki, nikafunga koki niliyokuwa nikifanyia mazoezi. Nusu saa nzima mzee alisimama mlangoni akinitazama, kisha akauliza ni chuo gani kinachowafundisha wahandisi kazi hii.

"Mimi si mhandisi, baba," nikamwambia. "Ni fundi bomba. Kidato cha nne nilipata ziro."

Shangazi alikohoa kikohozi cha mtu aliyemeza mwiba. Mzee akakamua pindo la kanzu yake.

"Basi afadhali," akasema. "Mhandisi angetuandikia ripoti."

Posa ilipokelewa, pilau likaliwa. Shangazi hakunisemesha wiki nzima. Nilipomuuliza kosa langu, alisema bomba nilitengeneza vizuri, lakini ile ziro niliitaja ya nini?

Siku ya harusi wakwe waliniomba niwahi kufika Nzega, tanki lao linavuja. Nilishinda juu ya paa asubuhi nzima. Wakati wa picha, mama wa bwana harusi akaniomba, kwa upole kabisa, nisimame nyuma, maana mikono yangu ina grisi. Nilisimama nyuma. Iliniuma, na sitajifanya nilicheka.

Wiki iliyofuata, jirani yetu mmoja, mke wa mwalimu, alinikuta nikianua nguo. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama chuo chetu kinapokea wasichana kwenye uchomeleaji. Binti yake huo ndio anaoutaka, hataki kusikia kingine. Akanisihi mumewe asijue kwanza. Nikamwandikia vitu vya kuleta: cheti cha kuzaliwa, picha ndogo mbili, viatu vigumu. Akaikunja karatasi, akaichomeka kwenye pindo la kanga, akarudi kwake kwa njia ya uchochoroni.