Niliweka alama kwa jina la Mama Kapend kabla ya wakati

Admin, naomba jina langu na la mtaa wetu yasionekane. Baba hayuko humu, lakini binamu zangu wako.

Mi ni msichana wa miaka kumi na sita, wa kwanza kati ya watoto watano, niko Kolwezi. Masomoni tunatumia Kifaransa, nyumbani Kiswahili. Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kifaransa yanakuwa kama devoir, zoezi la mwalimu. Mimi ni mtu wa haya. Nikiitwa jina kalasini, sauti inakataa kutoka. Kwa hiyo tangu zamani naandika. Kila kitu ninachopaswa kufanya nakiandika kwenye kaye, daftari langu, na kikiisha naweka alama pembeni.

Mwaka uliopita tuliambiwa mtaa wetu wote unaondolewa, mgodi unakuja kuchimba chini ya nyumba zetu. Watu walipita na rangi nyekundu wakaandika namba kwenye kila ukuta. Kila mwenye nyumba alitakiwa aende mwenyewe buro, yaani ofisini, kujiandikisha, ndipo apewe lupango, yaani kiwanja, kule tunakohamishiwa. Baba ndiye chef, mkuu wa avenue yetu, barabara yenye nyumba zetu, na macho yake hayasomi tena vizuri. Akaniambia, "Wee njo unajua kuandika. Andika mu kaye yako kila nyumba, na kila kitu yenye inabakia. Mi nitaangalia alama tu."

Basi kaye yangu ikawa ya avenue nzima. Barua ya tata huyu, mzee jirani, picha za yule, dawa za bibi, vyombo vya kufunga, mitihani yangu, mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa na homa. Kila asubuhi nilinakili upya yale yasiyokwisha kwenye ukurasa mwingine, na ukurasa haukutosha. Niliamka nikihesabu yaliyobaki kabla sijafumbua macho. Watu wakipita mlangoni wanasema tu, "Uniongezee na mi," kama wanaomba maji ya kunywa.

Mama Kapend (si jina lake) ni mjane, mtu wa Musumba, nyumba yake na yetu zilikuwa ukuta kwa ukuta. Karatasi za nyumba zilikuwa bado kwa jina la marehemu mume wake, kwa hiyo alihitaji mtu wa kumsindikiza buro na kumsemea kwa Kifaransa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Niliogopa sana. Kusimama mbele ya wale mabwana na kuongea, afadhali nibebe maji ya avenue nzima. Nikamwandika kesho, halafu kesho kutwa, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mutoto wangu, ni leo?" ananiuliza, amekwisha kuvaa kikwembe, kitenge chake cha kanisa.

"Kesho, mama."

"Bon, nikivue. Hii kikwembe itapauka bila kufika buro." Na anacheka.

Jumatano moja ukurasa ulinishinda. Nikaweka alama kwa jina lake. Sikutaka kudanganya mtu. Nilitaka tu nione mistari michache, nipumue, nikijiambia kesho nitaenda naye kweli. Na nilipumua. Siku ile nilikula nikashiba.

Kesho yake nikiwa masomoni, watu wa buro walifika kwa baba mapema kuliko walivyosema. Mama yangu alinisimulia baadaye. Waliuliza, "Chef, kuna mutu habayamuandika kwa avenue yako?" Baba akafungua kaye, akapitisha kidole kwenye alama zangu. "Bote balishamaliza. Mutoto wangu hakosee." Akatia sahihi karatasi yao. Orodha ikafungwa.

Siku mashine zilipokuja, Mama Kapend alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake akingoja aitwe. Wakaita kila mtu isipokuwa yeye. Baba aligombana nao, akawaita wezi, akasema wamefuta jina la mjane kwa sababu hana mtu wa kumtetea. Avenue yote iliamini. Inaamini mpaka leo. Mi nilisimama pale na kaye mkononi.

Sasa Mama Kapend anakaa kwetu kule tulikohamia, mi naye tunalala chumba kimoja. Hanilaumu. Asubuhi akiomba ananitaja, "Mungu, huyu mutoto alijitesa kwa ajili yetu," nami naitika amina. Nikifungua kaye kuandika hata sabuni na chumvi, mkono unaandika jina lake kwanza. Nimechana kurasa nyingi. Na siweki tena alama kwa kitu chochote, hata nilichokifanya kweli, kwa hiyo hakuna kinachokwisha. Kila kitu kiko juu yangu, na baba bado akikumbuka jambo anasema, "Andika mu kaye."

Juzi wametangaza kwamba malalamiko yanapokelewa mpaka mwisho wa mwezi huu. Baba anataka kumpeleka Mama Kapend akaseme wameiba jina lake. Watamtolea baba karatasi yenye sahihi yake mwenyewe, mbele ya watu, na hatajua imetoka wapi. Nikisema ukweli sasa, labda Mama Kapend atasikilizwa, maana kosa si lake. Lakini baba atajua alitia sahihi uongo wa mtoto wake, na avenue haitamwamini tena. Nikinyamaza, mwezi unaisha na lupango lake limekwenda.

Ninyi wakubwa, nianze na nani, baba au yeye? Na neno la kwanza linakuwa lipi? Nisaidieni hilo la kwanza tu. Baba ametoka, atarudi jioni. Mama Kapend yuko uani anachagua maharage, na ameniita mara mbili nikamsaidie.