Beki Aliyevaa Umri wa Ndugu Yake

Kemunto, muuguzi wa kliniki ya kumbukumbu mjini Birmingham, alikuwa mama wa Kikisii mwenye sauti ya upole na kalamu isiyopumzika. Alipojua kuwa mgonjwa wake ni Mzanzibari alikiweka Kiingereza pembeni, akamsomea maswali ya kupima kumbukumbu kwa Kiswahili cha kwao.

"Mzee, leo ni siku gani?"

Mzee Ussi alifikiri, akasema Jumanne. Ilikuwa Alhamisi.

"Na ulizaliwa mwaka gani?"

"Sitini na tano," akajibu papo hapo, bila kupepesa jicho. "Mwezi wa nne, tarehe kumi na moja."

"Hapo umejibu vizuri sana," Kemunto akasema, akatia alama ya vema kwenye karatasi yake.

Masikini, kumbe maswali mengine yote alikuwa akikosea kwa nia njema. Hilo la mwaka ndilo pekee aliloongopa, na ndilo alilosifiwa.

Maana huyu Mzee Ussi alizaliwa Miembeni, Unguja, mwaka 1958, na jina alilopewa siku ya saba ni Makame. Ussi alikuwa mdogo wake. Alizaliwa mwaka 1965, akafa kwa surua kabla ya kutimiza miaka miwili, akazikwa siku ile ile. Cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho. Cheti cha kifo hakuna aliyekwenda kukichukua, kwani nani angepanga foleni serikalini kwa ajili ya kitoto kilichokwishatiwa mchangani? Mama alikikunja kile kimoja kilichokuwapo, akakiweka sandukuni chini ya kanga zake. Kwa hiyo katika vitabu vya serikali Ussi aliendelea kuishi.

Makame akakua, akawa beki wa kati. Mbwembwe hakuwa nazo. Alikuwa na kichwa kigumu na miguu isiyojua kurudi nyuma, na mshambuliaji aliyegongana naye mara moja alihamia upande wa pili wa uwanja bila kuambiwa na kocha. Mwaka 1985 akaja wakala kutoka Maskati kutafuta wachezaji. Alimtazama Makame mechi mbili, akampenda, akamuuliza umri. Makame, kwa ujinga wake, akasema kweli: ishirini na saba. Wakala akafunga daftari. Alikuwa akitaka vijana wasiozidi ishirini na mbili.

Wenzake walimcheka hadi wakashika mbavu. Siku hizo kila mchezaji alikuwa na umri wa mama na umri wa mpira, na aliyemtajia wakala umri wa mama alionekana hana akili timamu. Wengine walikwangua tarakimu moja kwenye cheti kwa wembe. Makame hakuhitaji wembe. Alimwomba mama yake, na mama alikaa siku mbili bila kumjibu. Siku ya tatu akafungua sanduku, akamtia kile cheti mkononi, akaingia jikoni. Toka siku hiyo hadi anaingia kaburini, bibi yule hakumwita mwanawe Ussi hata mara moja.

Nyumbani alibaki dada yake mkubwa, Mwanamize. Huyo aliapishwa: yeyote atakayeuliza, awe polisi, awe mtu wa ubalozi, huyu ni Ussi, kazaliwa sitini na tano. Mwanamize akaapa, na Miembeni nzima inamjua Mwanamize kwa kushika neno. Baada ya hapo na yeye, wakiwa peke yao, alimwita Makame kama kawaida. Sisi tutaendelea kumwita Ussi, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na dunia yote iliyobaki.

Na dunia aliiona. Wakala mwingine alimchukua kama kijana wa miaka ishirini, akacheza Maskati misimu mitatu, kisha akauzwa Kupro. Huko alipangwa pamoja na beki wa Kiuruguay aitwaye Iriarte, mtu aliyekwishacheza katika nchi saba na kufukuzwa katika nne. Iriarte ndiye aliyemfundisha kuvuta jezi bila refa kuona na kupiga kichwa macho wazi. Kila siku ya mazoezi walirushiana mipira, vichwa mia asubuhi na mia jioni, mpaka taa za uwanja zikawa mbilimbili machoni mwake. Siku moja, wakiwa chumba cha kubadilishia nguo, Iriarte alimwangalia akifungua bandeji za magoti, akamwambia kwa Kiingereza kibovu kwamba kijana wa miaka yake hana magoti kama yale. Kisha akacheka, akamnong'oneza kuwa yeye mwenyewe alijipunguzia miwili. Ussi akacheka naye, jasho linamtoka. Ndiye mtu pekee wa nje aliyepata kuinusa siri ile, na tangu waagane hakuna ajuaye kama yu hai.

Akatoka Kupro akaenda Malta. Akatoka Malta akaenda kaskazini ya Sweden, ambako mpira uliganda ukawa mzito kama tofali na yeye akaupiga kichwa hivyo hivyo. Akaenda Hong Kong msimu mmoja, akarudi Malta. Vilabu tisa, na hakuna hata kimoja kilichomfanyia sherehe ya kumuaga. Kocha alipolalamika kuwa anachoka mapema kwa mtu wa miaka thelathini, Ussi aliinamisha kichwa kama mwenye makosa, maana ya kweli ilikuwa thelathini na saba na hakuwa na pa kuipeleka.

Mwaka 1998 timu ndogo ya pembezoni mwa Birmingham ikamchukua. Akacheza mechi kumi na nne, goti likakatika, na mpira ukaishia hapo. Akapata kazi Tyseley, mjini humo humo, kwenye kiwanda cha kuchambua taka, akasimama kwenye ukanda unaopitisha taka miaka ishirini na nne. Wazungu na Wapunjabi walioanza naye, wa rika lake la kweli, walistaafu mmoja mmoja akiwapa mkono. Yeye alibakiwa na miaka saba ya kuinama, ile ile aliyoikata akiwa kijana. Alioa Safiya, akapata uraia kwa jina la Ussi, akapata binti mmoja, Asmahan. Safiya alifariki bila kuambiwa. Ussi aliona aibu kumweleza mkewe kuwa amelala miaka yote hiyo na jina la maiti.

Ndipo kichwa kikaanza. Alipotea njia akitoka msikitini, njia aliyoipita zaidi ya miaka ishirini. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa. Asmahan akampeleka hospitali, wakampiga picha za ubongo, wakamhoji, na daktari akawaeleza polepole: ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kumpata mtu aliye chini ya miaka sitini si kawaida. Ukija mapema hivyo huenda ukawa wa ukoo, na ukiwa wa ukoo basi mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Damu inaweza kupimwa, lakini hata kipimo kikitoka safi hakimalizi shaka yote.

Daktari alisema huenda. Asmahan aliisikia huenda ile kama hukumu.

Alikuwa na miaka ishirini na tano. Amechumbiwa na Suhail, kijana wa Kizanzibari anayetengeneza mabehewa kwenye karakana ya treni, na harusi ilikuwa baada ya Idi. Tangu siku ile ya daktari alikoma kuitaja. Baba yake alipomuuliza alimjibu mgongo umemwelekea.

"Sijui, Baba. I can't do that to him. Suhail aje aniogeshe mimi kama mtoto? Na hao watoto wenyewe, je? Sijaamua bado."

Ussi aliufahamu ugonjwa wake kuliko daktari. Mtu wa miaka sitini na sita, aliyepiga mipira kichwa tangu ana miaka kumi, hapungukiwi na sababu za kuharibikiwa ubongo. Hakuna haja ya kuusingizia ukoo. Mama yake alikufa na miaka themanini na moja akili inakata kama wembe. Mwanawe hakuwa na ugonjwa wowote wa kurithi. Alikuwa na baba mwongo tu. Angerudishiwa ile miaka saba, harusi ingefungwa.

Aliogopa. Aliogopa kunyang'anywa uraia akiwa hana nguvu hata ya kubeba begi lake. Alitaka kumwambia Kemunto, akaitazama ile kalamu, akaaga. Lakini palikuwa na jambo aliloliogopa zaidi. Asubuhi nyingine alipoamka ilimbidi akae kitandani kwanza afikirie ni yupi kati ya wale wawili aliyekufa. Akajua kwamba asiposema sasa, patapita mwezi, pengine miwili, na hatakuwapo mtu wa kusema.

Aliyapanga maneno yake wiki nzima. Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri, akamkuta Asmahan jikoni anamenya viazi.

"Kaa kitako, mwanangu. Nina neno."

Asmahan akakaa.

"Mie siye Ussi. Jina langu Makame. Ussi alikuwa mdogo wangu, kafa hajajua hata kukimbia. Nilichukua cheti chake nipate kwenda kucheza mpira. Nina miaka sitini na sita, si hamsini na tisa. Haya maradhi yangu ni ya uzee na vichwa nilivyopiga, wewe hayakuhusu. Olewa na Suhail."

Alisema yote kwa mpangilio, hakuruka hata moja, na moyoni alijisifu kwamba kwa mara moja kichwa kimemtii. Alimtazama binti yake akingoja aheme.

Asmahan aliweka kisu mezani. Machozi yalikuwa yanamshuka. Akazunguka meza, akamkumbatia kichwa, akakibembeleza.

"It's okay, Baba. Usi-panic. Wewe ni Ussi. Ussi wa Miembeni, beki. Daktari alisema it might happen, utachanganya vitu."

"Sijachanganya kitu. Nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Hunisikilizi, unanibembeleza. Mpigie shangazi yako. Yeye anajua yote."

Asmahan alifuta uso, akachukua simu ili amridhishe tu. Akaiweka mezani, sauti ikafunguliwa, ikaita Unguja. Mwanamize alikuwa na miaka sabini, lakini simu yake aliipokea mlio wa pili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Babaako hajambo?"

"Yupo hapa. Shangazi, Baba anasema jina lake si Ussi. Anasema huyo ni ndugu yenu, alikufa. Anasema yeye ni older, ni mkubwa kwa miaka saba. Ni kweli?"

Ussi alijua mara moja dada yake anawaza nini. Asmahan mwenyewe ndiye aliyempigia shangazi yake mwezi uliopita kumwambia kuwa akili za baba zimeanza kupotea. Sasa Mwanamize alikuwa amekaa kwenye mkeka wake anaona kuwa maradhi yamemlegeza ndugu yake ulimi, siri inamtoka mbele ya watu, na asipoiziba yeye hakuna mwingine.

"Nani mwengine yuko hapo?" Mwanamize akauliza.

"Hakuna mtu. Mimi na Baba tu."

"Haya. Babaako ni Ussi, mwanangu. Kazaliwa sitini na tano, mwezi wa nne. Mie nilikuwa na miaka kumi na moja, mie ndiye niliyembeba mgongoni."

"Dada," Ussi akasema, ameiinamia simu. "Mwambie kweli. Hakuna serikali hapa, yamekwisha hayo. Mtoto ataacha kuolewa kwa sababu yangu. Nakuomba."

"Ussi." Hakupata kumwita hivyo wakiwa ndani ya nyumba, na neno lilimtoka kwa tabu. "Ussi, nyamaza mdogo wangu. Maradhi hayo. Mola atakupa shifaa."

"Dada, mie Makame."

"Makame gani? Nyumba yetu haijapata kuwa na Makame."

Walimsikia akilia, kilio cha mtu aliyebeba mzigo mpaka mwisho na hakuuangusha. Asmahan akamuaga taratibu, akakata simu.

Ussi hakuwa na la kumlaumu dada yake. Ndilo alilomwomba miaka thelathini na tisa iliyopita, na mwanamke yule alilifanya kwa uaminifu ambao watu wengi hawapati kuuona maishani. Alimchukia kwa dakika moja, kisha akamhurumia, kisha akajihurumia mwenyewe. Asmahan alimwongoza hadi sebuleni, akamkalisha kwenye kochi, akamfunika miguu, akamletea chai aliyoionja kwanza. Akarudi jikoni. Mlango aliuacha wazi, apate kumsikia baba yake akiinuka.

Ussi akamsikia anapiga simu tena, safari hii kwa Suhail. Akainuka. Alifika mpaka mlangoni, mdomo umeshafunguka, ndipo alipotambua kuwa kila neno atakalolisema litahesabiwa ni ugonjwa, na likiwa la kweli zaidi litahesabiwa ugonjwa zaidi. Akasimama ameshika kizingiti.

Asmahan alikuwa amempa mgongo.

"Mpaka jana nilikuwa sijaamua," alikuwa akimwambia Suhail. "Leo jina lake mwenyewe limempotea. Nimemwona kwa macho yangu, Suhail. Sitaki na wewe uje unione hivi."