Shughuli Isiyo na Bibi Harusi

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yalipoanza kujaa tena, kila mtu Tanga aligeuka mfanyabiashara. Mimi nilikuwa na kamera ya video. Nilirekodi harusi upande wa wanawake, kule asikokanyaga mpiga picha mwanamume. Kwa kamera hiyohiyo nikatengeneza filamu yangu: mwanamke anaachwa, anarudi kwao na sanduku lake, anaanza kuuza vitumbua, na mwisho anacheka. Basi. Sikwenda mbali kuitafuta, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeachwa.

Kazi ikawa kuifikisha kwa watu. Mikanda yote ilipitia kwa mzee mmoja mwenye duka Usagara. Yeye ndiye aliyenakili na kusambaza hadi Pangani na Muheza. Aliitazama filamu yangu yote kwa heshima, hata soda akanipa.

"Picha safi, binti. Ila mwisho ubadilishe. Mume arudi, waombane radhi. Nani atanunua mkanda wa mwanamke aliyeachika anacheka peke yake?"

"Mimi, mzee."

"Wewe ni mmoja."

Nikachomoa mkanda wangu kwenye deki yake, nikaaga. Njia nzima nilisema peke yangu kwa hasira. Miaka yote tumetazama mikanda ya wanaume wakipigana mateke kwa lugha tusizozijua, na hakuna aliyewaambia waombane radhi!

Nyumbani Chumbageni nikamweleza shangazi yangu. Yeye kazi yake ilikuwa kualika watu kwa mdomo: mwenye harusi humtuma, naye hupita nyumba kwa nyumba. Nikamwomba anialikie wanawake waje kutazama filamu. Akavaa buibui, akatoka. Lakini mdomo uliozoea una njia yake. Kila mlango alisema yaleyale ya siku zote: "Mwasalimiwa. Mwaalikwa shughuli ya mwanetu, Jumamosi baada ya Alasiri."

Jumamosi nikawaona wanakuja kwa makundi, sare za kanga, asumini kichwani, na ngoma mbili. Mtaa mzima ulidhani naolewa.

"Mbona hujapakwa hina, shoga?" mmoja akaniuliza.

Shangazi akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi aibu sikuiona. Nikasimama mbele yao.

"Siolewi. Niliachwa, na hilo mwalijua. Leo nawaonyesha kazi yangu. Asiyetaka, mlango uko wazi."

Hakutoka mtu. Waliojipara vile hawarudi nyumbani hivihivi.

Wakakaa mkekani ukumbini mwetu, nikawasha deki. Wakamtukana yule mume kwa sauti, wakamwonya mke asiunguzwe na mafuta. Ukafika mwisho. Mwanamke kwenye kioo cha televisheni akacheka peke yake, na ukumbi mzima ukanyamaza. Nilikuwa nyuma, nimeshika ukuta, nikadhani yule mzee kasema kweli.

Kisha bibi mmoja mtu mzima, ambaye sikuwahi kumsikia akimtaja mume, akapiga kigelegele kirefu. Wengine wakapokea, ngoma zikalia, wakamshangilia mwanamke aliyeachika kama wanavyomshangilia anayeolewa. Nililia, sisemi uongo.

Walipokuwa wakitafuta viatu vyao, mmoja wao akanishika mkono.

"Mdogo wangu yuko Raskazone. Kaachwa juzi, kajifungia chumbani, hataki kuona mtu. Deki ipo pale nyumbani. Utampelekea mkanda kesho?"

Sikungoja kesho. Nikauchomoa mkanda ungali na joto, tukaenda.