Mwaka mzima intern: mimi ndiye ile sauti inayokuambia mtu hayupo

Wakuu, salaam taki.

Huku Juba hatuanzi maneno bila salaam. Ukisoma mpaka chini utajua kwa nini nimeanza na hilo.

Hii stori ni yangu, sijahadithiwa na mtu. Anayebisha asije kunitukana kwenye comments. Achukue simu, apige namba yoyote iliyozimwa ya ile kampuni yetu kubwa ya simu na internet, asikilize mpaka mwisho.

Huyo anayeongea ni mimi.

Twende taratibu.

Mimi nililelewa Kenya, nikafika darasa la nane, tukarudi nyumbani. Form one nimekuja kuianza hapa Juba, mtaa wa Nyakuron, shule ya jioni ya watu wazima, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nakaa dawati moja na mzee mwenye wajukuu. Tukipewa homework anasingizia macho, ananakili kwangu.

Siku moja nikaona tangazo. Kampuni inatafuta wanafunzi wa internship ya mwaka mmoja, idara ya communications. Nikalisoma mara tatu. Limeandika "wanafunzi". Halijaandika wanafunzi wa nini.

Nikamwendea headmaster wetu, akaniandikia barua kwamba mimi ni mwanafunzi wake, mwenye bidii. Wakuu, hapo hakuna uongo hata mmoja. Labda kwenye bidii.

Interview nikakutana na Madam Wambui, Mkenya, ndiye mkubwa wa idara. Mama mmoja mrefu, anaongea polepole kama anakuhesabia dawa.

Akaniuliza, "Unasoma nini?"

Nikamjibu, "Masomo yote, madam."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nadhani ndiyo sababu nilipata.

Tulichukuliwa wawili, mimi na dada mmoja anaitwa Gloria, wa university, mass communication, ana laptop yake na begi la laptop yake. Tukaambiwa mwisho wa mwaka mmoja kati yetu atapewa kazi ya kudumu.

Nikamwangalia Gloria. Gloria akaangalia viatu vyangu.

Viatu vyenyewe vilikuwa buti za kuazima kwa jirani. Wakuu, mimi nilijua communications ni kupanda minara.

Kumbe communications ni kuomba msamaha.

Mtandao ukianguka, sisi tunaandika ujumbe: ndugu mteja, tunaboresha huduma zetu. Ukianguka tena, tunaboresha tena. Ile miezi ya mwanzo tuliboresha sana.

Na ujumbe wenyewe unapita wapi? Kwenye mtandao huohuo ulioanguka. Kwa hiyo unafika kesho yake, simu zinafanya kazi vizuri kabisa, mteja anaambiwa leo kwamba jana alikuwa na shida.

Nilijifunza na maneno. Gloria alikuwa anapenda sana "stakeholder". Nilichunguza mwezi mzima nikagundua stakeholder ni mtu yeyote ambaye hajaitwa kwenye meeting.

(Mkuu mmoja ameniuliza hapo juu kama allowance ilikuwa nzuri. Mkuu, tuongee mambo mengine.)

Sasa tufike kwenye lenyewe.

Zamani ukipiga namba iliyozimwa ulikuwa unajibiwa na mama fulani kwa Kiingereza cha mbali huko. Wakubwa wakaamua kuweka Kiarabu cha Juba, ili wateja wajisikie nyumbani. Gloria akaandika maneno. Mtangazaji aliyeahidi kuja kuyasoma hakuja, na simu yake ilikuwa imezimwa. Madam Wambui akanigeukia mimi.

Ofisini hakurekodiki, jenereta inanguruma kutwa. Tukaingia kwenye gari la Madam, vioo juu, injini imezimwa, jua la saa saba. Ile sauti tulivu mnayoisikia ni ya mtu anayeiva.

Nikasoma kama ilivyoandikwa: huyo mtu hayupo, jaribu baadaye. Tukasikiliza.

Wakuu, ilikuwa kama kofi.

Huwezi kumwambia mtu mzima habari mbaya hivyohivyo. Hata polisi huku anakusalimia kwanza. Nikamwomba Madam nirudie. Safari hii nikaweka ya kwetu: "Salaam taki. Ita kweis? Nas bet kweis?" Yaani salaam, u mzima, watu wa nyumbani wazima? Halafu nikanyamaza kidogo. Lazima unyamaze, maana kumuuliza mtu hali halafu usisubiri jibu ni dharau. Ndiyo nikamalizia kwamba mtu wako hayupo kwa sasa.

Madam Wambui Kiarabu chake ni cha kununulia nyanya tu. Akaniuliza mbona imekuwa ndefu kuliko karatasi.

Nikamwambia Kiarabu ndivyo kilivyo.

Hapo ndipo nilipodanganya, nimekiri.

Ilipoanza kutumika, mji mzima ukawa unajibu mashine. Nilimwona kwa macho yangu mtu wa boda pale Gurei, ameweka simu sikioni, anaitikia, "Kweis, kweis, ita zatu?" Anauliza hali ya mashine. Halafu anaambiwa mtu wake hayupo, na yeye anasema haina shida, asante.

Abdi, Msomali wa Garissa mwenye duka la vocha karibu na shule, alinitambua siku ya pili tu. Akawatangazia wateja wote kwamba huyu ndiye yule wa "ma fi", yaani hayupo. Jina likanishika. Mpaka leo nikipita vijana wananiuliza, "Ma Fi, leo upo?"

Nikawa maarufu kwa kutokuwepo.

Sasa nipumzishe utani kidogo.

Nyumbani tuko wawili, mimi na mama. Mama anapika kisra, ile mikate myembamba, anauza kwenye kisoko cha Gurei. Anawasha moto alfajiri, na moshi umeanza kumla macho. Mimi nilikuwa na hesabu moja tu: nikipata ile kazi, mama anaacha moshi. Ndiyo maana nilikuwa nacheka hata kwa jokes za Gloria.

Nina kaka, Taban. Aliondoka na malori kama turnboy, yaani utingo, na simu yake imezimwa mwaka wa tatu sasa. Hatujui lolote. Kila asubuhi mama akishawasha moto anampigia. Zamani yule mama wa Kiingereza akimjibu, anakata, na mpaka saa nne huwezi kumsemesha.

Asubuhi moja niko nje napiga mswaki, nikasikia sauti yangu jikoni. Inasalimia. Halafu nikasikia mama anaitikia.

Anaitikia na kuendelea. Kwamba ni mzima, ila mguu wa kushoto unasumbua usiku. Kwamba kuku mweusi ameangua. Kwamba mvua imeingia upande wa kitanda cha Taban lakini amekihamisha, kiko kikavu. Mashine imeshakata kitambo, yeye bado anaeleza.

Nilisimama pale mpaka povu likanikauka mdomoni.

Akaniona. Wala hakushtuka. Akasema, "Huyu kijana wa kampuni sauti yake inafanana na yako. Ila yeye anasalimia."

Wakuu, nilitema povu nikaenda kazini.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu asubuhi ikawa na mazungumzo. Mama anapiga, anasalimiwa, anatoa habari zake, anapika huku anaimba nyimbo za kanisa. Mimi napita nyuma yake naenda kuandika kwamba tunaboresha huduma.

Mwezi wa kumi na moja mkubwa kutoka makao makuu akatokea kwenye screen ya meeting. Ana grafu. Grafu inasema wateja wetu wakipiga simu zilizozimwa hawakati, wanabaki kwenye laini. Hakuna nchi nyingine yenye tatizo hilo. Akauliza kwa nini.

Nikawa naangalia meza kama nimeichonga mimi.

Wakatafsiri ile sauti neno kwa neno. Mkubwa akauliza nani alipitisha mashine iulize habari za nyumbani. Madam Wambui akasema ni yeye. Hakunitaja. Hilo sitalisahau.

Baada ya meeting akaniita pembeni. Hakunigombeza. Akaniambia, "Ijumaa tunarekodi upya. Toa salaam, toa na hiyo kunyamaza. Barua yako ya kazi nimeshaiomba, usiniangushe."

Wakuu, mngefanyaje? Semeni ukweli.

Siku mbili hizo nilitafuta ujanja. Nikafikiria kuingiza salaam fupi. Nikafikiria kuugua. Mwisho nikajiambia mashine ni mashine, mama ni mtu mzima ataelewa, na mwezi ujao anaacha moshi kabisa, salaam atapewa na watu.

Ijumaa tukaingia garini. Jua lilelile, vioo juu. Nikasema: "Zol de ma fi hasa. Jeribu badin." Huyo mtu hayupo sasa, jaribu baadaye. Mara moja tu, bila kurudia.

Madam akasema, "Perfect."

Mwaka mzima nilikuwa nalisubiri hilo neno. Lilipokuja sikujua niliweke wapi.

Jumatatu wakaibadilisha. Mimi niko ndani nafunga viatu, mama jikoni anapiga. Kwa mazoea akaanza kuitikia kabla hajasikia vizuri, "Kweis, ya wele," mzima mwanangu, na sauti yangu ikamkatiza katikati. Hayupo. Jaribu baadaye. Tuut.

Akaitazama simu. Akapiga tena. Ikamkata tena.

Akaiweka kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kupika. Siku hiyo hakuimba.

Siku ya mwisho ya mwaka watu wa HR wakaniita. Barua ya kazi ipo, imeandikwa vizuri, jina langu hawajakosea hata herufi. Inabaki kitu kimoja tu kwenye faili: cheti cha kumaliza sekondari.

Nikawaambia niko form one. Nikawakumbusha kwamba mwaka mzima wamekuwa wakiniita mwanafunzi, wao walidhani nasoma nini?

Yule dada wa HR alikuwa mpole kweli. Akasema policy ni policy. Kazi ikaenda kwa Gloria, na nimpe haki yake, aliifanyia kazi. Madam Wambui alinitazama kama yeye ndiye aliyefukuzwa. Akasema angejua asingeniahidi. Ninamwamini.

Mimi nikapewa cheti cha kushiriki na tisheti yenye maneno "We Connect You". Ni large. Mimi ni small.

Nikafika nyumbani. Mama yuko mbele ya chuma chake cha kupikia kisra, anatandaza unga. Hakuinua macho.

Akasema, "Yule kijana wenu wa kwenye simu, naona wamempa kazi."

Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo.

"Ameacha kusalimia watu."

Nikakaa juu ya jerikani. Nikamwambia hawajampa. Wamempa msichana mwenye cheti.

Akabandua kisra, akaikunja, akaiweka juu ya zingine. Akamwaga unga mwingine, akautandaza mpaka pembeni, polepole kabisa. Ndiyo akasema:

"Kumbe salaam ameitupa bure."

Wakuu, nimeshapigwa na mwalimu, nimeshapigwa na askari wa barabarani, sijawahi kupigwa vile.

Sasa hivi nauza vocha pale kwa Abdi, na shule ya jioni naendelea, niko form two. Yule mzee wa wajukuu ananakili bado.

Mama bado anampigia Taban kila asubuhi. Anasikiliza zile sekunde chache, anakata. Akishakata, mimi nakaa kwenye lile jerikani, namwambia, "Salaam taki, mama. Nas bet kweis?" Halafu nanyamaza, nasubiri.

Siku ya kwanza aliniangalia kama nimelewa. Ya pili aliniambia watu wa nyumbani ndio wewe, mjinga, unajiulizia hali yako? Ya tatu akaitikia. Akaniambia mguu umepata nafuu, na vifaranga wamebaki wanne, paka wa jirani anajua walipo wengine.

Habari za nyumbani kwangu mashine ilizijua miezi yote ile kabla yangu. Hapo nilikuwa intern wa mawasiliano.

Nilichojifunza ni hicho. Kazini wakikuambia ukate kitu, kata, kazi ni kazi. Ila kwanza angalia nani nyumbani anakitegemea hicho kitu.

Na ukipiga namba ya mtu wako huku kwetu ukajibiwa kwa ukavu, ujue mimi sikulelewa hivyo. Uliza hata kwa mama.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kuwa intern mwaka mzima wakatoka na tisheti, waje tulie pamoja. Wanaosema ningegoma kurekodi, nao waje waniambie wangegomaje. Ila atakayeingia kwenye comments bila salaam, mimi sipo. Ajaribu baadaye.