Kuku Wangu Ukutani

Jumamosi iliyopita nilienda mkutano wa wazazi huko Uthiru, sekondari anakosoma mjukuu wangu, nikakuta lile jengo la kwanza limebomolewa. Nikasimama pale na mwavuli wangu kama mtu aliyefika matangani baada ya watu kwenda zao. Mjukuu akanivuta mkono. "Shosho, twende, watamaliza viti." Huyo ni namba mbili darasani, na huyo namba moja ajihadhari.

Wewe unayeona shule kila kona hujui tulikotoka. Nilipokuwa msichana, uhuru ukiwa bado mpya, upande wetu kulikuwa na shule ya msingi, basi. Sekondari ilikuwa mbali, ya bweni, ya watoto wa wengine. Wazazi wakasema tutajijengea wenyewe. Kila Ijumaa sisi wa shule ya msingi tulileta mawe kutoka timboni, kule bondeni yalikochimbwa. Tuliyabeba kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba, vumbi likitujaa kwenye nyusi, na akina mama wakipika githeri, mahindi na maharagwe, ndani ya pipa. Githeri ile sijaionja tena popote.

Jiwe langu moja nililichora kuku kwa msumari. Fundi akacheka, akalipanga chini ya dirisha la kwanza. "Kuku wako huyo. Ukija kusoma kaa karibu naye, asiibwe." Mimi nikayachukua maneno hayo kama kiapo.

Nikapita mtihani wa darasa la saba. Jina langu likabandikwa mlangoni pa sekondari ile. Wiki hiyohiyo mama akajifungua, na kazi yake ya kufua nguo katika nyumba moja ya Westlands haingemngoja. Baba hatukuwa naye. "Nishikie mtoto mwaka mmoja tu," mama akasema. Jirani yetu akanihimiza niende kwa mwalimu mkuu, nimweleze, aniwekee nafasi.

"Nikaombe nini?" nikamjibu. "Si jiwe langu liko ukutani?"

Kichwa changu kilikuwa kigumu kuliko hilo jiwe.

Asubuhi wenzangu walipita na sketi zao za buluu. "Mama Kuku! Umeamkaje?" Muhula wa kwanza walisimama tupige gumzo. Wa pili walipunga mkono. Wa tatu walikuwa wanaongea Kiingereza, wakapita. Nikabaki na mtoto, na nepi kwenye kamba, na kengele ya shule, kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Niliisikia kila ilipogongwa. Nilijua vizuri zaidi kipindi kinaanza saa ngapi kuliko wao waliokuwa ndani.

Mwaka ulipoisha nikaoga, nikajipaka mafuta, nikaenda kuanza shule. Jirani wa kumshika mtoto alikuwa sokoni, kwa hiyo nikambeba mgongoni. Chini ya dirisha la kwanza alikaa msichana nisiyemjua. Mwalimu mkuu akatoka, akanitazama, akamtazama mtoto. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, mkutano wa wazazi ni Jumamosi."

Nilikuwa na miaka kumi na sita.

"Asante, mwalimu," nikasema, nikarudi nyumbani. Mdomo huu ambao leo wakwe wanauogopa, siku hiyo ulikufa. Sikurudi tena.

Sasa Jumamosi hiyo iliyopita nikamuuliza msimamizi wa ujenzi mawe ya zamani yako wapi. "Tuliyavunjavunja, mama. Yako chini ya maabara mpya." Nikamshukuru. Ningemwambia nini? Wale tuliobeba nao, wengi nimewazika, na waliobaki hawakumbuki kuku.

Nikaingia mkutanoni. Ghorofa tatu, viti vya plastiki, chai kwenye vikombe vya karatasi. Nikakaa karibu na dirisha la kwanza. Mwalimu mkuu, mwanamke mdogo kuliko binti yangu, akasimama: "Wazazi, karibuni sana."

Mjukuu akaninong'oneza, "Shosho, mbona unapapasa ukuta?"

Nikamwambia ninatafuta mahali pa kuegemea. Ukuta ulikuwa laini, umepakwa rangi mpya, hauna alama hata moja.