Mzigo wa Dada Mmoja

Kanisani kwetu Sagalla, anayetaka mtu fulani aombewe husimama na kusema, "Nina mzigo." Jina halitajwi. Hakuna anayeuliza ni nani, kwa sababu kufikia hapo karibu wote huwa wameshamjua.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika ushauri nasaha wa Kikristo, nikishuka Voi kila Jumamosi kwa masomo. Kabla ya kushauri watu, kila mwanafunzi alitakiwa aketi yeye kwanza kwenye kiti cha mwenye shida, mara kumi, mbele ya mshauri aliyehitimu. Nilimchagua kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, ambaye alikuwa amehitimu. Ndiye aliyenisukuma nijiunge na chuo. Nilimwamini kama dada wa tumbo moja, mjinga mimi.

Kikao cha nne nikamwambia nisichowahi kumwambia mtu: baba alipofariki, nilifurahi. Alimpiga mama miaka yote, na tulipokwisha kumzika nililala fofofo kama sijawahi. Alinishika mkono. "Hapa ni mimi, wewe na Bwana," akasema.

Jumatano iliyofuata, kwenye ibada ya akina mama, akasimama. "Bwana asifiwe. Nina mzigo wa dada mmoja. Anasomea ushauri, lakini ana uchungu moyoni, mpaka alifurahia kifo cha babake. Tumsimamie kwa maombi."

Kanisa zima, anayesomea ushauri ni mimi peke yangu. Mama alikuwa benchi la mbele. Wakafumba macho wote, wakaanza kuniombea kwa sauti, nami nikiwa papo hapo.

Nilimngoja kiongozi wetu mlangoni. "Mbona umenivua nguo mbele ya watu?"

"Lakini si jina sikutaja, dada," akasema, na usoni mwake niliona anaamini kabisa amenitendea wema. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Fomu zangu za chuo za vikao vile zina sahihi yake, na mpaka leo sijamsamehe.

Mama alitembea mbele yangu mpaka tukafika nyumbani. Akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Hata mimi nilifurahi," akasema. "Miaka hii yote nangoja mtu wa kumwambia. Nilidhani atakuwa wewe. Kumbe wewe ulikuwa na mtu wako."

Akaingia ndani, akafunga mlango.