Chupa Niliyoimwaga Mbele ya Baba Mdogo

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, na ukiniona natabasamu peke yangu ujue nimeikumbuka. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, bidhaa zimejaa madukani, hata sokoni Mbamba Bay unakuta vidonge vimepangwa kando ya sabuni na mitumba, vinachomwa na jua. Lakini maji ya dripu hayakuuzwa sokoni. Mvua ikikata barabara ya Mbinga, hospitali yetu ya ufukweni ilijitengenezea yenyewe. Nani aliyatengeneza? Sisi wa famasia! Nami nilikuwa msichana mbichi, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama.

Tulichemsha maji tukakusanya mvuke wake, tukapima chumvi, tukachuja, tukafunga chupa na kuzipika tena kwenye mtungi wa mvuke. Mwisho niliinua kila chupa mbele ya taa, nyuma yake kitambaa cheusi, nikitafuta uchafu. Ukionekana hata kidogo, chupa haiendi wodini, maana uchafu ukiingia kwenye mshipa unaweza kuua.

Siku hiyo kipindupindu kilikuwa kimeshika ufukwe. Baba mdogo, mvuvi wa kijiji cha Ngumbo, akamleta mama mdogo kwa mtumbwi, macho yameingia ndani, anaongea kwa shida. Daktari akaandika dripu. Chupa safi zilikuwa zimekwisha, nyingine bado zinapoa mtungini. Mezani kwangu ilibaki moja, na ndani yake kinaelea kiuzi chembamba kama unywele wa mtoto.

Baba mdogo akaiona kupitia dirisha la famasia. "Si hiyo hapo! Nipe!"

"Ina uchafu, baba."

"Uchafu gani? Mama yako anakufa! Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

Lo! Maneno yale yaliniuma, maana mama mdogo ndiye aliyenilea. Nilijua chupa ile ikikaa pale nitalegea. Nikaifungua, nikaimwaga yote kwenye sinki huku ananitazama. Akashika kichwa, akanitukana kwa Kinyasa.

Muuguzi akawa anamnywesha mama mdogo maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Mimi nimesimama kwenye mtungi, nazigusa chupa kama zimepoa. Chupa zilipopoa nikainua ya kwanza mbele ya taa: safi! Nikaikimbiza wodini mwenyewe. Kesho yake mama mdogo akaomba uji.

Alipopata nguvu, mumewe akanishtaki kwake. Mama mdogo akanishika mkono, akamjibu, "Wewe ulitaka nipewe upesi. Huyu alitaka nipone."

Sasa nawe unakwenda kusomea famasia, na nasikia wenzio wanakutania eti utakuwa muuza vidonge. Waache waseme! Daktari ataandika, muuguzi atatundika, lakini kinachoingia kwenye mshipa wa mgonjwa kitapita kwanza mikononi mwako. Dawa usiyoiamini usiitoe, hata anayelia dirishani akiwa ndugu yako. Hasa akiwa ndugu yako. Mungu akupe macho makali na moyo usiotikisika, na kila utakayemhudumia arudi kwake kwa miguu yake mwenyewe.